Alto ya Mama Lusia

Walinitoa kwenye alto kwa adabu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Wangenifukuza kwa matusi ningejua pa kushika. Lakini Silvanus, mwalimu wa kwaya yetu ya kanisa, alikuja nyumbani kwetu Endamarariek na sukari kwenye mfuko, kama mtu anayekwenda msibani. Akakaa kwenye kochi, akamsifia mume wangu Tluway mbaazi zake, akanywa chai, akaongezewa, ndipo akasema kwaya nzima inanionea huruma.

"Mama Lusia, umetumikia kwaya tangu hujaolewa. Sasa pumzika."

"Nani amekwambia nimechoka?"

Nilimuuliza kwa sauti ya kukwaruza, maana ndiyo niliyobaki nayo. Nilikuwa na tezi shingoni, lilikua mpaka vifungo vya juu vya blauzi vikakataa. Daktari alilitoa vizuri, na alinieleza mapema kwamba mshipa wa sauti unapita hapo hapo na unaweza kuguswa. Nikakubali. Sina ugomvi na daktari. Niliamka salama, ila sauti ikawa ya bawaba isiyotiwa mafuta. Hayo ni ya Mungu na ya tezi. Silvanus si Mungu wala si tezi.

"Sauti ya pili inahitaji sauti," alisema, akacheka kidogo ili na sisi tucheke. Tluway akacheka. Jioni ile Tluway alijipakulia ugali mwenyewe.

Nieleze kidogo kwa wasioimba. Alto ndiyo hiyo sauti ya pili, na hakuna anayeondoka kanisani akiivumisha njiani. Wanaovumisha wanavumisha soprano, kwa sababu soprano ndio wenye wimbo. Besi wananguruma, watu wanawageukia. Sisi tuko katikati, hatusikiki mpaka siku tusipokuwepo, ndipo wimbo unapwaya na kila mtu anauliza leo kuna nini. Mimi nilikaa hapo katikati maisha yangu yote na sikuwahi kutaka pengine. Mtu akininyima mahali pale, amenifukuza nyumbani.

Basi nilikuwa nimekaa na hasira yangu wakati Hilary, mtoto wa kaka yangu, alipokuja kunijulia hali. Hilary anaendesha gari la watalii, leo yuko Serengeti, kesho Manyara, keshokutwa humjui aliko. Alikuja na gitaa. Mgeni wake mmoja alilinunua Arusha, akazunguka nalo safari nzima bila kulipiga, akamwachia siku ya kuondoka pamoja na bahasha ya karatasi za kujifunzia.

"Shangazi, wewe ndiye mtu wa muziki kwenye ukoo," alisema. "Mimi hata kulishika sijui."

Karatasi zenyewe zilikuwa na mistari sita iliyolazwa, na juu ya mistari kulikuwa na namba na vistari vingi sana. Hilary alikuwa ameelezwa mambo mawili tu. Kwamba mistari sita ni nyuzi sita, ule mwembamba ukiwa juu. Na kwamba namba ni chumba cha kubana kwenye shingo ya gitaa, kwa sababu shingo imegawanywa kwa vyuma vidogo kama vyumba vya mabweni. Alisema wazungu wanaziita tabu. Nikamwambia angalau wamesema ukweli. Kisha simu yake ikaita, wageni wanamsubiri, akaondoka na vumbi lake.

Nikaanza. Nilikuwa najifunza mchana nikitoka shambani, nimekaa kwenye gogo nje ya zizi, ng'ombe wakinitazama bila kunihukumu. Kumbe jembe linakomaza kiganja, halikomazi ncha za vidole. Nyuzi zilinikata mpaka nikawa nakoroga uji kwa mkono wa kulia tu. Sikuacha. Nilichagua wimbo mmoja wa kwanza kabisa kwenye bahasha, wa Kiingereza, sijawahi kuusikia, na hilo halikunisumbua hata kidogo. Sisi watu wa kwaya nyimbo karibu zote tunazikuta ubaoni kabla hatujazisikia popote. Silvanus anaandika nota za solfa, do re mi kwa herufi zake, anapiga ubao kwa fimbo, sisi tunasoma. Nukta mbili zinatenga mapigo. Kistari maana yake vuta, usiachie, nota bado inaendelea. Mahali pasipo na kitu, nyamaza. Ukiifuata karatasi, unafika. Hiyo ni imani niliyolelewa nayo, ya pili baada ya ile ya Kanisa.

Kwa hiyo nilizifuata karatasi za Hilary kama nilivyofundishwa. Nikikuta namba, napiga. Nikikuta vistari vitatu, navuta mapigo matatu, nahesabu kwa mguu. Nikikuta vistari saba, navuta saba, naumia lakini navuta. Na nikikuta sifuri, nanyamaza, maana sifuri ni sifuri, hakuna kitu. Ulikuwa wimbo wa ajabu. Nilidhani wenyewe wana huzuni kubwa huko kwao.

Nilipoumudu wote bila kukosea, nilibeba gitaa kwenye kitenge kama mtoto, nikaenda mazoezini. Nilimwambia Silvanus kwamba koo limekataa ila mikono ipo, anipe nafasi ya kupiga pamoja na alto. Alinitazama, akatazama gitaa, akasema haya, tusikie.

Nikapiga. Nilihesabu kwa mguu, sikuruka hata kistari kimoja. Mwanzoni walisikiliza kwa heshima. Halafu nikafika kwenye sifuri nne zilizofuatana, nikanyamaza kama nilivyoandikiwa, na katikati ya kimya kile mmoja wa wanaume wa tena, sauti ya tatu, akaguna. Baada ya hapo kilichofuata kilikuwa kicheko cha watu wazima wenye watoto na wajukuu. Selestina, dada wa mume wangu, aliyesimama ubavuni kwangu kwenye alto miaka yote, alifunika mdomo kwa leso. Sikuwa na haja ya kuona mdomo, mabega yalitosha.

"Mama Lusia," alisema Silvanus akijifuta machozi, "huo ni wimbo, au unasubiri mvua?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nilikuwa nimetii karatasi. Mimi si mtu wa kubahatisha. Ningekuwa nimebahatisha ningecheka nao.

Kisha, kwa upole wake ule ule, akaniambia nafasi yangu ipo. Kwaya ilikuwa imealikwa kuimba kwenye kubarikiwa kwa kanisa la kigango kimoja juu Ngorongoro, upande wa Nainokanoka, na walihitaji mama wa kusimamia chakula. Watu walipiga makofi kana kwamba nimepewa daraja la upadri. Nilitaka kukataa. Lakini niliona Coaster nzima ya kwaya ikipanda bila mimi, Selestina kakaa dirishani, nikasema nitakwenda, na nikalipakia gitaa chini ya masufuria ili Silvanus asilione.

Tulipita getini, tukapanda msituni, tukazunguka ukingo wa kreta na ukungu wake, hakuna aliyeona kitu isipokuwa matako ya magari ya watalii. Nilikaa nyuma na magunia ya viazi. Huko mbele walikuwa wanaimba, alto walikuwa wanashuka nusu nota kila beti, na mimi nilikuwa nasikia na siwezi kuwasaidia.

Tulipofika baridi ilikuwa ya kuuma meno. Kina mama wa pale, akina Nasieku na wenzake, walishawasha moto nyuma ya kanisa, tukaanza kupika. Nimeinjika wali ndipo nikasikia gitaa. Halikuwa langu. Mtu alikuwa anapiga upande wa pili wa ukuta, anapiga haraka na safi, vidole vinakimbia. Nikaacha mwiko, nikazunguka.

Alikuwa Yohana, katekista wa kigango kile, mtu mzima wa rika la mwanangu mkubwa, kajifunga shuka juu ya koti. Mbele yake karatasi zimewekewa jiwe zisipeperuke. Mistari sita. Namba. Vistari, vingi kama vyangu.

"Takwenya, yeyo," alinisalimu.

"Iko," nilijibu, na Kimaasai changu kikaishia hapo. "Baba katekista, samahani. Hivi vistari mbona huvivuti?"

"Vipi, mama?"

"Hivi hapa. Viko vitano. Wewe umepita juu yake kama havipo."

Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akajua nimetoka kwaya gani. "Mama, mnasoma solfa huko kwenu?"

"Tangu utoto."

Hakucheka, na kwa hilo nitamwombea mpaka nife. Alichukua kijiti, akakiweka juu ya mstari mmoja kwa urefu. "Huu ni uzi. Si ndiyo? Hivi vistari ndiyo uzi wenyewe, umechorwa hivyo kwa vipande. Havina pigo. Havisemi vuta wala acha."

"Na sifuri?"

"Sifuri ni kupiga uzi mtupu, bila kuubana. Unalia."

Nilishika ukuta. Zile sifuri nne nilizonyamaza mbele ya kwaya nzima zilikuwa nota nne. Nilikuwa nimepiga wimbo nusu, nikauvuta mara kumi ya urefu wake, na hakuna mtu duniani aliyeniambia. Nilimkasirikia Hilary, nikamkasirikia mgeni wake, nikamkasirikia mzungu yeyote aliyekaa mahali akachora kistari kilekile kisichosema kitu.

"Sasa muda uko wapi?" nilimuuliza. "Nitajuaje ipi ndefu, ipi fupi?"

"Haupo kwenye karatasi," alisema Yohana. "Hizi zinakuonyesha mahali pa kidole tu. Wimbo wenyewe lazima uwe unaujua kabla."

"Hiyo ni karatasi gani isiyojua wimbo wake?"

"Ndiyo hiyo, mama. Inataka mtu anayejua."

Nilisimama pale kwenye baridi nikafikiria nyimbo ngapi ninazijua. Alto ya Pasaka. Alto ya Majilio. Alto ya kila sadaka na kila komunyo tangu wakati wa mwalimu wa kabla ya Silvanus, mapigo yake yote, mahali pa kupumua, mahali Selestina anapopenda kuchelewa. Walinipumzisha mimi, lakini hakuna aliyekumbuka kuja kuzidai hizo, na wala wasingeweza kuzibeba.

Nilimwomba Yohana anionyeshe do iko wapi. Alinionyesha, na re, na mi, mpaka juu, na hapo ndipo harufu ya wali ulioungua ilipozunguka ukuta ikatukuta. Silvanus alinisema mbele ya wageni, kwamba hata hili dogo limenishinda. Nikakwangua sufuria. Watu walikula wali wa moshi, na mimi nilikula wa kwangu kwa hamu.

Niliporudi nyumbani nilipiga mistari sita kwenye karatasi za kalenda ya zamani, nikaanza kujiandikia. Sikuhangaika na soprano. Niliandika alto peke yake, nota moja moja, wimbo mmoja baada ya mwingine. Tluway alikuwa anakuja kusimama mlangoni, anasikiliza, anasema, "Huu siujui." Namwambia ni wimbo wa mwanzo wa Misa ya mavuno, umeuimba kila mwaka. Anasema hapana, huo hauendi hivyo. Hao ndio watu wanaotusikia Jumapili.

Vidole vilipokomaa nilirudi mazoezini. Safari hii sikuomba. Nilisubiri wameanza ule wimbo wa mavuno, nikakaa kwenye benchi la nyuma, nikaingia na alto yangu. Beti ya kwanza waligeuka. Beti ya pili alto waliacha kushuka, kwa sababu sasa kulikuwa na kitu cha kuegemea. Walipomaliza nilimwona Selestina akinitazama bila leso.

Silvanus mwenyewe alipiga makofi. Nilidhani yameisha.

"Hii ni zawadi kwa kwaya," alisema. "Tumshukuru Mama Lusia. Sasa tutafanya hivi. Gitaa atashika Sylvesta, yeye ni kijana, ana vidole vyepesi, na mbele ya watu gitaa linampendeza kijana. Mama Lusia atamfundisha. Halafu napendekeza tumchague Mama Lusia kuwa mlezi wa kwaya."

Makofi tena. Sylvesta, kijana wa watu anayeimba besi, alitazama viatu vyake, hakuwa ameomba kitu. Mlezi wa kwaya, kwa asiyejua, anakaa benchi la mbele na wazee wa kanisa, anatajwa kwenye sherehe, anachangia soda. Mlezi haimbi. Akufukuzaye hakwambii toka, na Silvanus sasa alikuwa amenifukuza mara ya pili kwa makofi. Ninaweza kuvumilia kuambiwa sina sauti, maana sina. Kuambiwa kwamba hata sauti niliyojitengenezea kwa vidole vinavyotoka damu inampendeza zaidi mtu mwingine, hiyo sikuivumilia, na sitaivumilia.

Nililifunga gitaa kwenye kitenge, nikaenda nalo nyumbani.

Siku ya Misa ya mavuno kanisa lilijaa mpaka nje, mabua ya mahindi na vikapu vya maharage mbele ya altare, mbuzi wa mtu analia dirishani. Niliingia mapema na gauni langu la kawaida, nikakaa kwenye benchi la alto, kati ya Selestina na ukuta, mahali pangu. Alto wenzangu walisogea bila kuambiwa, labda kwa mazoea tu. Sylvesta alikuja akaniona na gitaa mapajani, akaenda kukaa na besi, na nilimwona amefurahi.

Padri na watumikizi walishajipanga mlangoni. Silvanus akasimama mbele yetu, akainua mikono, akaniona. Mikono ikashuka.

"Mama Lusia," alisema chini chini, "mlezi anakaa kule."

"Nimeshakaa."

"Hatuanzi mpaka utoke."

Akakunja mikono kifuani. Kengele ikapigwa mara ya pili. Watu wakaanza kugeuza shingo, Padri akachungulia juu ya vichwa vya watumikizi. Silvanus alikuwa anajua anachofanya. Aliwaacha watu wote wale wanisubiri mimi, ili aibu ifanye kazi ambayo yeye hataki kuonekana anaifanya.

"Wifi," Selestina alininong'oneza, "tutaaibika."

"Tutaaibika wote," nilimwambia.

Nikaanza kupiga.

Alto peke yake, bila soprano juu wala besi chini, haifanani na wimbo wowote. Inapanda kidogo, inarudi, inakaa mahali pamoja muda mrefu, inashuka hatua moja. Niliona nyuso zimekunjamana. Waliokuwa mbele walidhani nimekosea. Mzee mmoja wa kanisa alinipungia mkono niache. Kati ya watu wote waliokuwa ndani mle, ni wanawake wa benchi letu tu waliojua ni wimbo gani, na wote walikuwa wanamtazama Silvanus, na Silvanus alikuwa anatazama dari.

Nilimaliza utangulizi. Nikafika mahali maneno yanapoanzia na hakuna aliyeingia. Sikuharakisha wala sikuvuta, maana muda wa wimbo ule hakuna aliyewahi kunifundisha upya, ninao mwenyewe. Nikarudia utangulizi. Nilijua nikifika pale mara ya tatu peke yangu nitanyanyuka niende nyumbani, na sitarudi tena kanisa lile.

Kabla ya neno la kwanza kuna pumzi. Ni ndogo, watu wa mabenchi hawaisikii. Mimi nimekaa karibu na pumzi ile zaidi ya nusu ya umri wangu, na nilipofika pale niliisikia upande wangu wa kulia. Selestina alikuwa anajaza kifua.

Akaingia. Peke yake, macho kafumba kwa woga, na alichelewa kidogo pale anapochelewa siku zote, nami nikamsubiri. Neno la tatu benchi lote la alto lilikuwa ndani. Nilijaribu kuimba na mimi. Koo lilitoa ule mkwaruzo wake na sikujali, maana nilikuwa nasikika vizuri mahali pengine. Kisha soprano wakaona aibu kusimama midomo wazi wakati wimbo wao unapita, wakaingia, besi wakaingia, watu wote wakatambua ni wimbo gani, wakasimama. Padri akaanza kutembea.

Na Silvanus, bila haya hata chembe, akakunjua mikono, akaiinua, akaanza kutuongoza.

Baada ya Misa Padri alitukuta nje kwenye vikapu, akamshika Silvanus mkono. Alisema hajawahi kusikia kwaya ikianza na sauti ya pili peke yake, akamsifia kwa ubunifu. Nilingoja nisikie mtu mzima atasema nini.

"Tulitaka kujaribu kitu kipya, Padri," alisema Silvanus.

Damu ilinipanda. Selestina alinishika kiwiko, akanibana kwa nguvu zake zote. Padri alipoondoka Silvanus akanigeukia, akajisafisha koo, akaangalia gitaa badala ya kuniangalia mimi.

"Mazoezi ni Jumatano saa kumi," alisema. "Alto wote. Usichelewe."

Aniambie mimi nisichelewe. Mimi ambaye nimezaa watoto, nikatandika kitanda, nikaenda mazoezini. Nilitaka kumwambia mengi sana, ila koo langu siku hizi halibebi mengi.

"Nitafika saa tisa," nilimwambia, "nikusubiri."